Lusajo anapiga kwa sikio na sasa anataka kujifunza piano: aanzie wapi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Tunaishi Uyole, Mbeya. Kijana wetu Lusajo ana miaka sita na nusu, yuko darasa la kwanza. Kwetu muziki hauishi: mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya, baba yake anaimba besi na kupiga gitaa, na babu yake wa Tukuyu alipiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, hadi leo akija anakuja nayo. Lusajo anapiga nyimbo mbili tatu kwenye kinanda cha kanisa kwa kidole kimoja, kwa kusikia tu, na solfa, yaani do, re, mi, anaimba vizuri. Tunataka aanze piano rasmi. Je, umri unatosha? Tununue kinanda gani? Kuna piano moja kuukuu tumeahidiwa bure, tuichukue? Asome solfa au nota za mistari? Halafu hapa nyumbani kila mtu anamfundisha, sijui tunamsaidia au tunamharibu. Na kwaya imeshaomba apige Krismasi. – Mama Lusajo

Jibu: Mama Lusajo, umri unatosha. Wapo wanaoanza na miaka mitano, wapo wanaoanza na tisa, na wote hufika. Cha kuangalia ni utayari, na huo mnaweza kuupima wenyewe jioni moja. Aweke mikono yote miwili mezani, vidole vimekunjwa kidogo, ncha zinagusa ubao. Mwambieni kwamba kwenye piano kidole gumba ni namba 1 na kidole cha mwisho ni namba 5, mikono yote miwili. Kisha mtajie: kushoto, tatu, kulia, mbili. Akiinua kidole kilichotajwa na vingine vikabaki chini, mikono iko tayari. Kidole cha 4 msikihesabu; kano zake zimeshikamana na za jirani zake na kinawasumbua hata wapiga piano wakubwa. Halafu ataje herufi A hadi G kwenda mbele na kurudi nyuma, kwa sababu majina ya nota yanaishia hapo na kuanza upya. Mwisho, muone kama anaweza kukaa kwenye kiti dakika kumi akifanya jambo moja. Kama bado, subirini miezi mitatu minne, hamtapoteza kitu.

Nyumba kama yenu ina shida yake ya pekee, na karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatokana nayo: sikio la mtoto limetangulia mbali, macho na vidole vimebaki nyuma. Mtoto asiye na sikio hulazimika kusoma, kwa sababu hana njia nyingine. Lusajo anayo njia nyingine, na ni ya mkato. Akisikia wimbo mara mbili ameshaupata, kwa hiyo haoni sababu ya kuangalia karatasi. Miaka miwili ya kwanza hupita vizuri na kila mtu husifia. Mwaka wa tatu nyimbo hurefuka, mkono wa kushoto huanza kwenda njia yake, sikio peke yake halitoshi tena, na mtoto wa miaka tisa hujikuta anatakiwa kusoma vitu vya mtoto wa miaka sita. Wengi huacha hapo.

Sasa kinanda. Anzeni na cha umeme chenye vibonyezo 61, yaani oktavu tano. Vibonyezo viwe vya ukubwa kamili: pimeni kwa rula upana wa vyeupe saba vilivyofuatana, iwe karibu sentimita 16.5. Vile vidogo vya vibonyezo 32 au 37 vyembamba ni vya kuchezea, na mkono uliozoea nafasi fupi hulazimika kujifunza upya umbali wote. Sharti lingine ni kwamba kinanda kisikie uzito wa kidole. Ukibonyeza taratibu kilie kwa upole, ukipiga kwa nguvu kipaze. Yamaha PSR-F52, kwa mfano, ina vibonyezo 61 vya ukubwa kamili lakini haina uwezo huo; PSR-E373 inao. Kwa kinanda kisichosikia uzito, mtoto anaweza kupiga mwaka mzima kwa vidole vilivyolegea na asijue, kwa kuwa kila nota inatoka sawasawa. Siku akikalia piano halisi, nusu ya nota hazisikiki.

Mkiwa dukani wekeni sauti katikati, msiiguse tena, kisha bonyezeni kibonyezo kimoja kwa nguvu tofauti. Kama hakuna mabadiliko, muulizeni muuzaji kama sehemu hiyo imezimwa kwenye menyu, wakati mwingine huwa imezimwa. Bado hakuna? Kirudishwe kwenye boksi. Kabla ya kulipa bonyezeni vibonyezo vyote 61 kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, na angalieni kama nyuma kuna tundu la pedali.

Kama ni cha mtumba, hapo kwenye kubonyeza kimoja kimoja ndipo siri ilipo. Chini ya kila kibonyezo kuna mpira wenye miguso miwili inayofunga mmoja baada ya mwingine; kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili, na kutokana na muda huo hujua umepiga kwa nguvu kiasi gani. Vumbi likiingia, mguso mmoja ukashindwa, nota hiyo ama hunyamaza ama hulipuka kwa sauti ya juu kabisa hata ukiigusa taratibu. Nota moja au mbili za namna hiyo fundi hufungua, akasafisha mpira kwa pamba yenye spiriti, zikarudi. Zikiwa kumi, kiacheni. Na vumbi la Uyole la Septemba mnalijua wenyewe, kwa hiyo kitambaa cha kufunikia kinunuliwe siku moja na kinanda.

Adapta nayo ina mtego. Vinanda vingi vya Yamaha vya aina hii hutumia volti 12, chanya ikiwa katikati ya pini. Vya Casio vya zamani vingi ni volti 9 na hasi ndiyo iko katikati. Pini zinaweza kufanana kabisa, na adapta ya kuazima ikiingia vizuri tundu la kinanda, haina maana inafaa. Someni mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa kwenye kinanda na kwenye adapta, vilingane. Kwa siku umeme unapokatika, chagueni kinanda kinachokubali betri. Vingi huchukua betri sita.

Kinanda hicho kitamtosha miaka miwili hivi. Baada ya hapo atahitaji vibonyezo 88 vyenye uzito kama wa piano, mfano Yamaha P-45, yenye kilo 11.5 na isiyotumia betri. Msikimbilie huko sasa. Ila kama mtu wa familia anataka kuchangia kitu kikubwa, bora achangie hicho baadaye kuliko kununua leo kinanda chenye midundo mia mbili na taa nyingi.

Ile piano ya bure. Nyanda za juu kuna piano kadhaa za zamani kwenye nyumba za misheni, na nyingine zina sauti nzuri mno. Lakini ndani ya piano kuna nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wao wote kwa pamoja ni wa tani 15 hadi 20, unaobebwa na fremu ya chuma. Ubao wa sauti, ule mpana wa nyuma, huvimba msimu wa mvua na kusinyaa kiangazi, na kwenu tofauti ya Machi na Septemba ni kubwa. Kwa hiyo sauti hupanda na kushuka kila mwaka, na piano inahitaji fundi wa kuifanyia tuni walau mara moja kwa mwaka. Fundi huyo anaweza kulazimika kusafiri siku nzima kuja Mbeya. Bure hiyo ina nauli yake.

Kabla hamjasema ndiyo, nendeni na tochi na programu ya simu ya kupimia sauti. Fungueni kifuniko cha juu na ubao wa mbele chini. Tafuteni kinyesi cha panya na kiota, tundu za mchwa kwenye miguu, na vitambaa vya manyoya kwenye nyundo vilivyoliwa na nondo. Bonyezeni A ya kwanza kulia kwa C ya katikati (ile C iliyo karibu na katikati ya piano, kushoto kwa viwili vyeusi): inatakiwa kusoma hezi 440. Ikisoma 435, hiyo ni hali ya kawaida ya piano iliyoachwa. Ikisoma karibu 415, imeshuka nusu toni, yaani hatua ya kibonyezo kizima; kuirudisha juu ni kuongeza mvuto kwenye nyuzi zenye kutu, na zinaweza kukatika. Zikiwepo nota ambazo nyuzi zake mbili tatu zinapishana sauti vibaya wakati jirani zake ziko sawa, pini za nyuzi hizo huenda zimelegea kwenye ubao, na pini zilizolegea kila mahali ni mwisho wa piano hiyo kwa mfuko wa kawaida. Hata ikipita vipimo vyote, bado ina uzito unaoweza kuzidi kilo 200, na nyumbani ikae ukuta wa ndani, mbali na dirisha la jua na mbali na jiko la mkaa.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kimo cha kukaa. Kinanda kikiwekwa juu ya meza ya chakula, vibonyezo hufika sentimita 85 hivi kutoka sakafuni, kwa sababu meza yenyewe ni 75 na kinanda kina unene wa kama 10. Piano halisi ina vibonyezo kwenye kimo cha karibu 72. Mtoto akikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza hiyo, mabega hupanda hadi masikioni, viganja huning'inia, na baada ya dakika tano anasema amechoka. Mnadhani mvivu. Kumbe mikono ndiyo imechoka.

Tumieni meza fupi ya sebuleni ya sentimita 45. Kinanda juu yake hufika 55 au 56, na Lusajo akikaa kwenye stuli ya 36 hadi 38 viwiko vyake vitakuwa usawa wa vibonyezo. Nyayo zilale chini kabisa. Kama zinaning'inia, wekeni tofali au ubao. Aketi nusu ya mbele ya stuli, katikati ya kinanda, na umbali wake ni huu: akinyoosha mikono akiwa amekunja ngumi, ngumi ziguse ubao wa kinanda bila yeye kuinama. Mkono uwe kama unaoshika parachichi bila kulibonyeza, kucha fupi. Kiungo cha kwanza cha kidole kikiingia ndani, kile karibu na ukucha, usimpigie kelele. Mguse tu kwa kalamu, ataelewa.

Sasa solfa na nota za mistari, na hapa naomba nikae kidogo. Msimwondolee solfa. Ni mali. Ilitengenezwa Uingereza karne ya 19 na John Curwen, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, ili watu wasio na chombo waweze kuimba kwa sauti nne kutoka karatasi, na wamisionari wakaisambaza hadi kwetu. Kwaya zetu zinaimba sauti nne safi kwa sababu yake. Lakini solfa inataja nafasi ya nota ndani ya wimbo, wakati kibonyezo cha piano kina jina lake la kudumu. Kwenye daftari la kwaya mmezoea kuona juu kushoto "Do ni G" au "Do ni F". Do inahama. Kibonyezo hakihami.

Kosa linalofanyika kwenye familia za kwaya ni kumwonyesha mtoto kibonyezo cheupe kilicho kushoto kwa viwili vyeusi na kumwambia "hii ni do". Atashika siku hiyohiyo. Baada ya miezi sita baba atasema Do ni F, na mtoto atapiga kwenye C kwa sababu do anaijua iko wapi. Kwa hiyo kubalianeni leo, nyumba nzima: vibonyezo vinaitwa kwa herufi tu, C, D, E, F, G, A, B. Solfa ni ya mdomo, anapoimba.

Halafu tumieni solfa pale inapofaa zaidi, kwenye kuhamisha. Mchague wimbo mfupi wa watoto unaokaa kwenye do, re, mi, fa, so tu. Apige kwa mkono wa kulia kuanzia C: C, D, E, F, G, vidole 1 hadi 5. Wiki inayofuata wimbo uleule kuanzia G: G, A, B, C, D, vyote vyeupe. Kisha kuanzia F: F, G, A, B-flati (cheusi kilicho kushoto kwa B), C, na hapo kidole cha 4 kinakutana na cheusi kwa mara ya kwanza. Kisha kuanzia D, ambapo kidole cha 3 kinaangukia F-shapu, cheusi kilicho kulia kwa F. Anaimba solfa ileile, mkono unahama. Mtoto aliyelelewa kwenye kwaya hupata jambo hili kwa haraka ya ajabu, na ndiyo maana nasema sikio lake ni mtaji.

Kwenye mistari mitano aanze na nguzo tatu tu. C ya katikati, ambayo kwenye kinanda cha vibonyezo 61 ni C ya tatu kutoka kushoto, huandikwa kwenye kamstari kafupi kati ya makundi mawili ya mistari. G ya kundi la juu imekaa mstari wa pili kutoka chini. F ya kundi la chini imekaa mstari wa nne kutoka chini. Nota nyingine zote ahesabu kutoka hizo, akipanda au kushuka hatua. Msimwandikie herufi kwa penseli juu ya kila nota, wala kubandika stika kwenye vibonyezo kwa zaidi ya wiki mbili. Macho husoma herufi na kuacha nota. Kuhusu muda wa nota, daftari la solfa limeshamsaidia: anajua kistari kinachofuata baada ya nukta mbili kinamaanisha shikilia. Mwonyesheni kwamba nota yenye kichwa cheupe na mkia ndiyo "d : –".

Mazoezi yawe dakika 15 kila siku, siku sita, saa ileile. Saa nzima ya Jumamosi haiwezi kufidia, kwa sababu vidole hujifunza kwa kurudia na kulala. Kwa mtoto huyu ningezigawa hivi: dakika mbili za vidole vitano, kwenda na kurudi, polepole. Kisha dakika tano za kusoma kitu kipya cha vipande vinne (kipande ni sehemu iliyo kati ya mistari miwili ya wima) ambacho hajawahi kukisikia, akipige mara mbili, na kesho kiwe kingine. Hizi dakika tano ndizo muhimu kuliko zote, na ndizo atakazozikwepa. Dakika tano nyingine ni za wimbo aliopewa na mwalimu. Tatu za mwisho ni zake, apige chochote alichokisikia redioni au kanisani, na mtu asimrekebishe.

Mtajuaje kama anasoma au amekariri? Mwambieni aanzie kipande cha tatu. Anayesoma ataanzia hapo. Aliyekariri atasema hawezi, lazima aanze mwanzo. Mara nyingi ni kwa sababu mtu alimpigia wimbo kabla hajausoma. Mwalimu wake na baba yake waweke ahadi ya kutompigia wimbo mpya hadi amejaribu mwenyewe siku mbili.

Mwezi wa tatu au wa nne mikono miwili itaanza kupiga kwa pamoja na mambo yatarudi nyuma. Hilo ni la kawaida. Achukue vipande viwili tu. Kwanza apige mkono wa kulia huku akigonga pajani mapigo ya kushoto. Kisha kinyume chake. Kisha apige wa kushoto huku akiimba wa kulia kwa solfa. Kwa mtoto wa kwaya hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Mwisho mikono yote, taratibu kiasi cha kuchosha wasikilizaji. Akikosea mara tatu mahali palepale, mwendo ni mkubwa mno, shusheni. Juni na Julai aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu kwanza, maana vidole vyenye baridi havinyanyuki na mtoto hulazimisha kwa kiganja kizima.

Kuna vitu viwili kwenye kinanda vya kufungia. Midundo ya kujiendesha yenyewe iwe ya Jumamosi. Na kitufe cha transpozi kibandikwe selotepu. Wapiga vinanda wengi makanisani hupiga kila wimbo kwenye C na kukiacha kitufe kipandishe au kishushe. Kwa mtu mzima anayehudumia ibada tatu Jumapili simlaumu. Kwa mtoto anayejenga sikio ni hasara mara mbili: anaona C huku anasikia E-flati, na vidole vyake havizoei vibonyezo vyeusi. Piano halisi haina kitufe hicho.

Kuhusu walimu kuwa wengi nyumbani, mteueni mmoja tu wa kurekebisha, aliyekuwepo kwenye somo na kuona mwalimu alichosema. Nadhani uwe wewe, maana baba wa gitaa atashindwa kujizuia. Wengine wana kazi moja, kusikiliza. Baba aje dakika zile tatu za mwisho na gitaa lake.

Babu ni hazina, ila tarumbeta yake inahitaji maelezo. Tarumbeta nyingi zimejengwa kwa B-flati: skeli anayoianza bila kubonyeza pistoni yoyote inaanzia B-flati ya piano. Sasa muulizeni hiyo nota anaiitaje. Akiiita C, basi kila jina analotaja lishushwe toni nzima kwenye piano: G yake ni F ya Lusajo, D yake ni C. Lakini Wamoravian wa Rungwe walipokea muziki wao kutoka kwa Wajerumani waliofika 1891, na mpigaji aliyefundishwa kwa utaratibu wa Kijerumani anaweza kuiita nota hiyo "B". Kwa Wajerumani B ni B-flati, na ile B nyingine huitwa H. Babu akisema "anza B" na Lusajo akabonyeza kibonyezo cheupe, wote wawili watakuwa sahihi na wimbo utakuwa mbovu. Waambieni waanze na F, G, A, B-flati, C za piano, wakisikilizana nota moja moja kabla ya wimbo.

Mwalimu mtampata zaidi kwa kuuliza makanisani na vyuoni kuliko kwa matangazo. Mombeni kuona somo la mtoto mwingine. Angalieni kama mtoto anapiga zaidi ya mwalimu, kama kuna kitabu mbele yake, kama mwalimu anataja namba za vidole. Anayeahidi wimbo mzima kwa wiki mbili anafundisha kukariri. Nusu saa kwa wiki inatosha. Mlango uwe wazi na mmoja wenu awepo, hata mwalimu awe mzee wa kanisa. Kubalianeni mapema kuhusu siku mtoto akiumwa au mwalimu akisafiri. Kama mwalimu ni wa kwenye simu, kamera ikae ubavuni juu kidogo, ionyeshe vidole na viwiko. Sura ya mtoto haimsaidii mwalimu.

Mitihani isiwaumize kichwa sasa. Ile ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina gredi 8, na tangu 2020 kuna aina inayofanywa kwa kurekodi video ya nyimbo nne na kuituma, jambo linalowafaa walio mbali na vituo. Lizungumzeni baada ya miaka miwili.

Krismasi. Kama ataanza mwezi huu na kuna miezi mitano mbele, mkubalie, kwa wimbo mmoja, mkono wa kulia peke yake, sauti ya kwanza tu, ubeti mmoja. Mwalimu wa kwaya achague wimbo ambao ubeti wake unakaa kwenye nota tano au sita, auweke Do ni F au Do ni G, na aushushe mwendo. Kwaya iimbe sauti nne juu yake bila chombo kingine, na Lusajo ahesabu mapigo manne kwa sauti kabla ya kuanza. Mpiga kinanda mkubwa asikae pembeni "kumsaidia", kwa sababu mtoto mwenye sikio kama lake akikosea tu ataacha karatasi na kumfuata. Baada ya hapo kanisa litamwomba na Pasaka. Mwambieni mchungaji asubiri hadi mikono miwili ipige pamoja.